Siri ya Waliosoma

Usiku wa Jumapili, Juni 2, 2013, katika sebule nyingi za Marekani palikuwa na mtu mmoja asiyetazama televisheni. Alikuwa anawatazama wenzake. Simu kaiegemeza kwenye bilauri au kaificha nyuma ya mto wa kochi, kamera inarekodi, naye kanyamaza, anasubiri. Alijua kinachokuja kwa sababu alikisoma kitabuni, pengine zaidi ya miaka kumi nyuma, na siku zote hizo hakumwambia mkewe, mdogo wake wala mwenzake wa chumba. Kisha milango ya ukumbi wa harusi ikafungwa, wanamuziki wakabadili wimbo, na wasiojua wakaanza kupiga mayowe.

Video hizo zilienea dunia nzima ndani ya siku chache. Watu wazima wanaziba midomo kwa viganja, wengine wanainuka na kuzunguka chumba, wengine wanaitukana televisheni. Nimezitazama mara nyingi. Anayenivutia zaidi ni yule asiyeonekana, aliyeshika simu. Mara nyingine unasikia pumzi yake, au kicheko kidogo chenye huruma ndani yake. Ni huyo ninayetaka kumwandika leo, pamoja na wenzake wote waliosoma kabla sisi wengine hatujaletewa picha.

Kwa aliyepitwa, tamthilia ninayoizungumzia ni Game of Thrones, iliyoanza kuonyeshwa na HBO Aprili 17, 2011 na kumalizika Mei 19, 2019, sizoni 8, episodi 73. Imetokana na riwaya za Mmarekani George R. R. Martin, ambazo ya kwanza ilichapishwa mwaka 1996. Ni hadithi ya koo zinazogombea kiti cha enzi katika nchi ya kubuni iitwayo Westeros, huku kaskazini, nyuma ya ukuta mkubwa wa barafu, wafu wakijikusanya. Tukio la usiku ule, ambalo mashabiki huliita Harusi Nyekundu, limo kwenye kitabu cha tatu, cha mwaka 2000. Mfalme kijana Robb Stark aliahidi kuoa binti wa mzee Walder Frey, kisha akaoa mwingine. Anakwenda kuomba radhi na kuhudhuria harusi ya mjomba wake nyumbani kwa mzee huyohuyo. Anapewa mkate na chumvi, alama kwamba mgeni yuko salama chini ya paa hilo. Usiku uleule anauawa, yeye, mama yake Catelyn na askari wake.

Martin amesema alichota tukio hilo kwenye historia ya Scotland. Mwaka 1440 kijana mkuu wa ukoo wa Douglas na mdogo wake walialikwa kula ndani ya ngome ya Edinburgh, wakatolewa mezani kwenda kuuawa. Mwaka 1692, huko Glencoe, askari waliokuwa wamepokewa na kulishwa siku kadhaa na ukoo wa MacDonald waliamka alfajiri wakawaua wenyeji wao. Mwandishi mwenyewe amekiri kwamba sura ya harusi ilimshinda kuiandika kwa zamu yake. Aliiruka, akamaliza kitabu kizima, ndipo akarudi kuikabili.

Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Tuliokua tukisikia kwamba mgeni aje mwenyeji apone, tunajua kabisa ni kitu gani kilivunjwa pale ukumbini kabla hata damu haijamwagika. Vita tumeshaviona kwenye filamu nyingi. Kumuua mtu uliyemkaribisha, chakula chako kikiwa bado mkononi mwake, hilo ni jambo jingine.

Sasa fikiria kwamba mamilioni ya watu walikuwa na habari hii karibu miaka kumi na mitatu. Wahenga walionya kwamba penye kuku wengi hapamwagwi mtama, lakini hapa kila mmoja alikuwa na gunia lake la mtama na kuku wakizidi kila wiki. Hawakuumwaga, au niseme wachache sana waliumwaga. Mashabiki walijiwekea adabu zao. Wasiosoma walipewa jina la Wasiotiwa Doa, kwa kuazima jina la kikosi cha askari matowashi ndani ya hadithi yenyewe, na mazungumzo yakagawanywa mabaraza mawili: hapa wanakaa waliosoma, pale wanakaa wasiosoma, na aliyesoma akiingia kwa wasiosoma anafunga mdomo. Mtu akiuliza kuhusu baba yake Robb, "Ned Stark atapona?" jibu lilikuwa moja: endelea kutazama.

Nilikuwa miongoni mwa wasiosoma. HBO ilirusha kila episodi saa tatu usiku wa Jumapili kwa saa za New York, ambayo huku ni saa kumi alfajiri ya Jumatatu. Wenye ving'amuzi walikuwa na njia yao. Sisi, vijana watano katika chumba kimoja cha kupanga jijini Dar es Salaam, tulisubiri jioni, mtu arudi na flashi. Mmoja wetu alikuwa amesoma vitabu vyote vitano, nakala za mitumba zilizokatika jalada. Alikuwa msemaji sana kwenye mpira na siasa, lakini ikifika hadithi hii anakuwa kama shahidi aliyeapishwa. Jumatatu ile ya Harusi Nyekundu aliaga dakika kumi kabla ya mwisho akasema anakwenda kununua maji. Maji yalikuwemo ndani. Aliporudi alitukuta tumekaa gizani, na hakusema neno. Aliweka chupa mezani, akakaa nasi.

Nimekuja kuamini kwamba ile ilikuwa heshima kubwa kuliko tulivyoielewa. Aliyesoma alikuwa ameumia peke yake, na kitabu mkononi. Angeweza kutumia alichokijua kujikweza mbele yetu, na watu hufanya hivyo kwa mambo madogo zaidi. Badala yake alitaka tuumie kama alivyoumia yeye, kwa ukamilifu, bila kumaliziwa uhondo, ili baadaye tuweze kuzungumza.

Na mazungumzo yenyewe yalikuwa na uzito. Chukua swali la Jon Snow, mwana wa haramu wa Ned Stark, ambaye mama yake hatajwi. Toka miaka ya mwisho ya 1990 wasomaji walishuku kwamba Ned si baba yake kabisa, na kwamba Jon ni mtoto wa Lyanna, dada yake Ned, na mwana mfalme Rhaegar Targaryen. Hakuna aliyewaambia. Walikusanya punje kwa punje. Rhaegar alimvika Lyanna taji la mawaridi ya buluu katika mashindano ya Harrenhal. Lyanna alikufa kwenye kitanda cha damu akimwapisha kaka yake ahadi ambayo hatuambiwi ni ipi. Halafu katika kitabu cha pili Daenerys, mdogo wake Rhaegar, anaona maono ya ua la buluu limeota kwenye ufa wa ukuta wa barafu. Nani anaishi kwenye ukuta wa barafu? Jon. Punje hizo zimetawanywa kwenye maelfu ya kurasa na vitabu tofauti, na watu wasiofahamiana walizikuta, wakazipanga, wakabishana juu ya kila moja kama wanavyuoni wanavyobishana juu ya herufi.

Mwaka 2006, David Benioff na D. B. Weiss walipokutana na Martin kwa chakula cha mchana kirefu mjini Los Angeles wakiomba ridhaa ya kuzifanya riwaya zake tamthilia, aliwauliza swali hilohilo: mama yake Jon ni nani? Walijibu sawasawa. Fumbo lililofumbuliwa na wasomaji wa kawaida ndilo lililokuwa mtihani wa kuingilia. Televisheni ilikuja kulithibitisha Juni 26, 2016, mwisho wa sizoni ya 6.

Wapo waliovuka zaidi ya hapo. Elio García na Linda Antonsson, wanaoishi Gothenburg nchini Sweden, walianza kama mashabiki wanaokusanya kila jina, ukoo na nembo iliyotajwa vitabuni. Martin mwenyewe akawa anawauliza asiposadiki kumbukumbu yake, na mwaka 2014 jina lao lilichapishwa kando ya lake kwenye jalada la kitabu cha historia ya dunia hiyo, The World of Ice & Fire. Sishangai kwamba aliwafungulia mlango. Mwaka 1963, akiwa bado mvulana huko Bayonne, New Jersey, barua yake ya kusifia kitabu cha katuni cha Fantastic Four ilichapishwa kwenye ukurasa wa barua wa toleo la 20. Uandishi wake ulianzia hapo, kwenye kiti cha shabiki.

Kisha mambo yakapinduka, na hapa ndipo kisa kinaponigusa.

Kitabu cha tano kilitoka Julai 2011. Cha sita hakikutoka. Tamthilia ilikuwa ikitembea sizoni moja kila mwaka, na mwandishi hakuwa na mwendo huo. Ilipofika sizoni ya 6, mwaka 2016, picha ilikuwa imekipita kitabu. Waliosoma wakajikuta mahali tulipokuwa sisi. Watu walioshika siri kwa miaka yote hiyo sasa walikuwa wanaziba masikio, wanazima simu Jumatatu asubuhi, wanamwogopa mwenzao wa kazini ambaye maishani mwake hakuwahi kufungua kitabu cha Martin. Wengine waliacha kutazama kabisa, wakasema watasubiri karatasi. Rafiki yetu alikuwa mmoja wao, kwa wiki tatu hivi. Ya nne alibisha hodi.

Nimelitumia neno hilo nikiwa na sababu. Mei 22, 2016 ilionyeshwa episodi ya Hodor, lile jitu pole linalombeba mgongoni mtoto mlemavu Bran, na ambalo maisha yake yote hutamka neno moja tu, Hodor. Hakuna msomaji aliyejua kwa nini. Usiku ule ilionekana kwamba akiwa kijana akili yake ilivurugwa na maono ya kifo chake mwenyewe, amri ikimlilia masikioni kwamba azuie mlango ili wenzake wakimbie. Maneno matatu ya Kiingereza yenye maana hiyo, yakitamkwa haraka na tena haraka, yanasagika na kubaki Hodor. Watafsiri wa lugha nyingi walihangaika kutafuta namna ya kuyafinyanga maneno yao yafike kwenye sauti hiyo. Sisi tulioketi mle chumbani tulikuwa tumeshasikia jambo jingine tangu sizoni ya kwanza. Jina la bwana huyu limekaa jirani na hodi, neno letu la mlangoni. Mtu aliyekufa akiuzuia mlango, kumbe alikuwa akitamka mlango muda wote. Ni bahati tu ya sauti, Martin hakuifikiria. Lakini usiku ule hakuna kati yetu aliyetaka kuitwa mjinga kwa kulia, na wote tulilia, aliyesoma na wasiosoma, kwa mara ya kwanza kwa wakati mmoja.

Ubishi kuhusu yaliyobadilishwa ulikuwepo tangu mwanzo, na mwingine haukunishika. Kwamba mke wa Robb vitabuni anaitwa Jeyne na hayupo kwenye harusi ile, wakati kwenye tamthilia anaitwa Talisa na anauawa akiwa mjamzito, hilo nalielewa: kamera inahitaji mtu wa kumlilia. Lililonikera ni la Sansa, mdogo wake Robb. Kitabuni, anayeozwa kwa katili Ramsay Bolton ni msichana mwingine, Jeyne Poole, aliyepachikwa jina la Arya, mdogo wake Sansa. Watunzi wa tamthilia walimtoa Jeyne wakamweka Sansa, na mateso yale wakampa yeye. Waliosoma walilalamika vikali mwaka 2015, nami naona walikuwa na haki.

Na lipo lililowauma watazamaji weusi zaidi ya wengine. Daenerys anakomboa watumwa katika miji ya Ghuba ya Watumwa, ambayo sehemu yake ilipigwa picha Morocco, Essaouira na Aït Benhaddou. Sizoni ya 3 ilifungwa na picha ya mwanamke mweupe mwenye nywele nyeupe akiinuliwa juu ya bahari ya watu weusi-weusi wanaomwita mama. Martin alieleza kwamba waliopigwa picha ni wenyeji wa mahali pale, na kwamba vitabuni watumwa ni wa kila rangi. Sawa. Lakini mtu anayeitazama picha hiyo Bagamoyo, au Unguja karibu na Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa, haitazami kwa macho ya aliyeko California. Hadithi ilikuwa na wahusika wawili weusi wa kudumu, Missandei na Grey Worm, wote watumwa wa zamani. Mei 2019, episodi mbili kabla ya mwisho, Missandei anauawa akiwa na minyororo mikononi. Kitabuni ni mtoto wa miaka kama kumi, anazungumza lugha nyingi, na yu hai. Tulipozima televisheni siku hiyo hapakuwa na ubishi. Palikuwa na ukimya usio wa majonzi.

Hapo nafika kwenye hasira kubwa ya 2019, ambayo magazeti mengi yaliiandika kama deko la watoto walionyimwa peremende. Zaidi ya watu milioni 1.5 walitia saini ombi la kutaka sizoni ya 8 irudiwe upya na waandishi wengine. Mimi sikutia saini, wala sioni kwamba mtunzi anaweza kuamriwa arudie kazi kama fundi aliyekosea vipimo vya suti. Lakini nataka kuwatetea waliosaini, kwa sababu hasira yao ilikuwa na elimu ndani yake.

Hadithi yenyewe ndiyo iliyowafundisha kudai hesabu. Ned Stark alikatwa kichwa kwa sababu alimweleza adui mpango wake kwa huruma. Robb alikufa kwa sababu alivunja ahadi. Sizoni ya kwanza msafara wa mfalme ulichukua mwezi mzima kutoka mji mkuu mpaka Winterfell, ngome ya akina Stark, na tuliuhisi mwezi huo. Kwa miaka watazamaji walizoezwa kwamba kila tendo lina bei na kila safari ina urefu. Sizoni ya 7, mwaka 2017, mashujaa wanazingirwa na wafu kaskazini mwa ukuta. Kijana anakimbia mpaka ngomeni, kunguru anaruka na barua kuvuka nchi nzima, Daenerys anaruka na majoka yake kuja, na wale waliozingirwa bado wamesimama palepale. Mashabiki walipiga hesabu ya kasi ya kunguru. Wapo waliowacheka. Mwongozaji wa episodi hiyo, Alan Taylor, hakuwacheka, alikubali kwamba muda ulikuwa umeanza kuvurugika.

Hata kichaa cha Daenerys, aliyeuteketeza mji baada ya kengele za kusalimu amri kulia, sikubali kwamba kilizuka hewani. Aliwasulubisha mabwana 163 wa mji wa Meereen. Aliwachoma moto baba na mwana wa ukoo wa Tarly. Mbegu ilikuwepo. Iliyokosekana ni mvua: episodi 6 tu, wakati HBO yenyewe ilikuwa tayari kulipia zaidi. Sizoni hiyo ilishinda tuzo ya Emmy ya tamthilia bora Septemba 2019, na tamthilia nzima imekusanya Emmy 59. Niliwapigia makofi waigizaji na wapiga picha. Makofi hayo hayakuniondolea hisia kwamba tulikuwa tumefika sokoni tukakuta mezani vitu vizuri na mizani imeondolewa.

Mwaka 2022 ikaja House of the Dragon, tamthilia nyingine ya dunia hiyohiyo, na jirani zangu wakaanza tena. Kilichonishangaza kilitokea Septemba 2024, wakati Martin mwenyewe alipoandika hadharani kulalamikia tamthilia hiyo kumwondoa mtoto mmoja, Maelor, mwana wa malkia Helaena. Kitabuni wauaji wanamlazimisha mama achague ni yupi kati ya wanawe wawili afe. Anamtaja mdogo, Maelor, nao wanamuua mkubwa. Kwenye tamthilia Maelor hayupo, kwa hiyo uchaguzi ule haupo pia. Martin alieleza kwa utaratibu jinsi kuondolewa kwa mtoto huyo kutakavyokuja kuvuruga mambo mengine mbele ya safari. Maandishi hayo yaliondolewa muda mfupi baadaye, lakini tulikuwa tumeshayasoma. Mzee wa miaka karibu 76, mwenye dunia yake, amekaa kwenye benchi la waliosoma, anasema yaleyale waliyoyasema wasomaji wake mwaka 2015.

Rafiki yetu siku hizi anaishi Mwanza na ana watoto wawili. Vitabu vile vya mitumba bado anavyo, na ananipigia simu kila uvumi wa kitabu cha sita unapoibuka. Mwezi uliopita nilimwuliza kama bado anasubiri kwa dhati, maana mwisho tumeshauona. Akaniambia mwisho niliouona mimi ni wa televisheni. Kwenye karatasi Stannis, mmoja wa wanaogombea kiti cha enzi, bado yuko thelujini karibu na Winterfell na mtoto wake hajachomwa. Mzee Barristan Selmy, waliyemuua kichochoroni kwenye tamthilia, yumo ndani ya Meereen anavaa silaha kwa vita vya asubuhi. Jon amelala kwenye theluji na visu mwilini tangu 2011. Na Hodor yupo pangoni chini ya mizizi ya mti, na Bran na wenzake, ana njaa kidogo, hajui lolote, na hakuna bado aliyefika mlangoni.